Siti saba za karatasi: nafasi ndani ya magari ya familia yanayovuka mipaka

UCHAMBUZI

Meli zinazotoka Japani huendelea kushusha magari yaliyotumika katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na mengi kati ya hayo hayaishii pwani. Huendelea na safari kwenda Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia na Malawi. Miongoni mwa yanayotafutwa sana na watu wa kipato cha kati ni magari ya familia ya aina ya SUV: Toyota Prado, Toyota Harrier, Nissan X-Trail, Mitsubishi Outlander, Mazda CX-5 na mengineyo ya jamii hiyo.

Mnunuzi wa Kampala au Lubumbashi anapozungumza na wakala, kwa kawaida huuliza mambo matatu: gari ni la mwaka gani, injini ina ukubwa gani, na bei hadi bandarini ni dola ngapi. Swali la nne, yaani nani atakaa wapi ndani ya gari hilo, mara nyingi huulizwa gari likishafika nyumbani. Wakati huo ushuru umekwisha kulipwa, namba zimekwisha kufungwa, na hakuna wa kulirudisha Yokohama.

Makala hii inaangalia swali hilo la nne, kwa kuwa lina fedha nyingi ndani yake kuliko linavyoonekana.

Forodha haihesabu siti

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mfumo wa forodha haujali starehe ya abiria. Gari linalobeba watu kumi au zaidi, dereva akiwemo, huingia katika kifungu cha 8702 cha orodha ya bidhaa ya kimataifa. Chini ya hapo yote ni kifungu 8703. Maana yake gari la siti tano, la siti saba na la siti nane yanasimama kwenye mstari mmoja mbele ya ofisa wa forodha.

Kinachobadilisha kodi ni thamani ya gari, ukubwa wa injini na umri. Nchini Tanzania, kwa mfano, gari dogo lenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na linalozidi 2,000 asilimia 10. Kwa hiyo Harrier ya lita 2.0 yenye siti tano na X-Trail ya lita 2.0 yenye siti saba ziko kwenye kiwango kimoja. Tofauti inabaki kwenye thamani, na hapo Harrier ndiyo hupanda, kwa sababu jina lake linauzika.

Familia ya watu sita inayonunua Harrier kwa hiyo inalipa zaidi ili ipate siti pungufu. Si kosa kupenda Harrier, ni gari tulivu na siti zake za mbele ni nzuri. Lakini ni vyema mtu ajue anachokilipia.

Vipimo vinavyosema kweli

Matangazo ya magari hutaja urefu wa gari zima. Kwa mtu anayetafuta nafasi ya kukaa, kipimo chenye manufaa zaidi ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwa kuwa hapo ndipo miguu ya watu inapokaa.

Kwa Harrier ya kizazi cha 2013 hadi 2020 umbali huo ni milimita 2,660. Toyota Vanguard, iliyouzwa Japani kati ya 2007 na 2013, nayo ina 2,660. Outlander iliyoanza 2012 ina 2,670. CX-5 ina 2,700 na X-Trail ya T32, iliyoingia sokoni 2013, ina 2,705. Prado ya 120 na ile ya 150 zote zina 2,790. Mazda CX-8, iliyotoka Japani 2017, inawapita wote kwa 2,930.

Tazama sasa jambo la ajabu. Vanguard ya siti saba inapanga safu tatu za watu katika umbali uleule ambao Harrier inapanga safu mbili. Nafasi hiyo ya ziada haikutoka mbinguni. Imekatwa kwenye magoti ya wa safu ya pili na kwenye buti. Hali ni hiyohiyo kwa Outlander na X-Trail: safu ya tatu ipo, lakini ni ya watoto wa shule ya msingi, au mtu mzima kwa safari ya kwenda sokoni na kurudi.

Prado nayo ina somo lake. Wengi huamini kwamba kwa kuwa ni kubwa kwa nje, basi ni kubwa kwa ndani. Kwa upana ni kweli: milimita 1,885 dhidi ya 1,820 za X-Trail, na watu wazima watatu wa safu ya pili huiona tofauti hiyo mabegani. Lakini Prado imejengwa juu ya chesisi, na ekseli yake ya nyuma ni nzima, inayohitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Sakafu inalazimika kuwa juu. Mtu anayekaa nyuma kabisa anajikuta magoti yameinuka karibu na kifua na mapaja hayagusi siti. Kwa nusu saa si neno. Kwa safari ya Nairobi hadi Kisumu, kiuno kitatoa hesabu.

CX-8 ilitengenezwa kwa fikra tofauti. Mazda ilisema tangu mwanzo kwamba safu ya tatu imepimwa kwa mtu wa urefu wa sentimita 170. Pamoja na hayo, mwenye kuinunua ajue kwamba spea za Prado hupatikana hadi miji midogo, na za CX-8 si rahisi hivyo.

Aidha, majina yasimdanganye mtu. Outlander ya umeme na petroli iliyoanza 2013 ilikuwa na siti tano tu, kwa sababu mota ya nyuma ilichukua nafasi ya safu ya tatu. CR-V iliyoingia Japani 2018 ilikuwa na safu tatu kwa injini ya petroli ya lita 1.5, lakini ya haibridi ilikuwa na siti tano. Jina ni moja, magari ni mawili.

Siti yenyewe

Nafasi ni jambo moja, siti ni jingine. Siti nzuri ya safari ndefu inashika paja karibu hadi goti, inaegemeza kiuno, na haimlazimishi mtu kukaza misuli kwenye kona. Siti pana na laini kama kochi hupendeza kwenye yadi, kisha huchosha baada ya kilomita 200.

Ngozi inapendwa kwa heshima yake na ni rahisi kufuta mtoto akimwaga juisi. Lakini gari lililoachwa juani Mombasa au Dar es Salaam mchana huwa kama kikaango, na jasho la mgongoni halina pa kwenda. Kitambaa hupumua, ila hushika vumbi na harufu. X-Trail nyingi za Japani zilikuja na siti za kitambaa kisichopitisha maji, na kwa familia yenye watoto huo ni utajiri usiotangazwa.

Kiyoyozi nacho ni sehemu ya starehe. Prado za safu tatu kwa kawaida zina matundu ya hewa kwenye dari kwa ajili ya wa nyuma. Katika SUV ndogo za siti saba, mara nyingi hakuna hewa inayofika safu ya mwisho, ambako ndiko watoto huwekwa, chini ya kioo cha nyuma kinachopigwa na jua.

Kisha kuna mizigo. Siti zote saba zikisimama, buti ya SUV ya kati hubaki na upana wa mabegi ya shule. Familia inayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi mwezi Desemba itafunga mizigo kwenye keria. Uzito ukipanda juu ya paa, gari ambalo tayari ni refu kwenda juu huwa jepesi kupinduka. Hapo suala si starehe tena, ni usalama.

Mpaka unachagua gari

Sheria za nchi zetu hazifanani, na kwa hiyo uchaguzi wa nafasi haufanani. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Vanguard ya mwisho ya 2013 ilifungiwa mlango huo mwaka 2021. Uganda, kwa sheria ya 2018, iliweka kikomo cha miaka 15, ingawa magari ya zamani hutozwa ushuru wa mazingira. Tanzania haijafunga mlango, bali hutoza ushuru wa nyongeza: asilimia 15 kwa gari dogo la miaka minane hadi kumi, na asilimia 30 likizidi kumi.

Matokeo yake ni kwamba mnunuzi wa Nairobi anachagua kati ya magari mapya kidogo na ghali, wakati yule wa Kampala anaweza kupata Prado ya umri mkubwa kwa fedha za X-Trail ya Nairobi. Lakini siti ya gari la miaka 14 si ile ya kwenye katalogi. Sponji imelala, reli za kusogeza zimeshika kutu, na mikanda ya nyuma pengine haivutiki. Gharama ya fundi wa siti haimo katika bei ya bandarini.

Upande wa usukani nao una lake. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto, sawa na Japani. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia, ndiyo maana Hyundai Santa Fe na Kia Sorento za Korea, zenye usukani wa kushoto, zinapata wateja Kigali. Sorento ya 2014 hadi 2020 ina milimita 2,780 kati ya ekseli, karibu sawa na Prado, na haina chesisi ya kuinua sakafu. Kwa anayenunua gari la Japani na kulitumia Bujumbura au Goma, aangalie ni mlango upi unaofungua njia ya safu ya tatu, asije akawa anawashusha watoto katikati ya magari.

Kabla ya kutuma dola

Anayenunua kwa picha aombe picha tatu ambazo wauzaji hawazitoi bila kuombwa: safu ya tatu ikiwa imesimama na siti za mbele zimesogezwa mahali pa dereva mtu mzima, buti katika hali hiyohiyo, na sakafu ya nyuma ikionyesha kimo chake hadi kwenye siti. Anayenunua yadi aende na familia nzima, kila mmoja akae mahali pake kwa dakika kumi, na bibi apande na kushuka mwenyewe.

Wapo watakaogundua kwamba gari linalowafaa si SUV kabisa, bali Noah, Voxy au Alphard, yenye sakafu ya chini na milango ya kusukuma. Kwa anayekaa kwenye lami, hesabu hiyo ni ngumu kuipinga. Kwa anayevuka makorongo kila masika, SUV itabaki kuwa jibu. Lakini alipie siti ambazo watu wataweza kuzikalia, kwa kuwa kodi ameilipa kwa gari zima.