Daftari la Wiki: Kusi, Kipini na Safari ya Agosti

Swali la chama

Chama chetu cha akiba hapa Bura kimefunga hesabu, na faida iliyobaki mfukoni imezua mjadala wa wiki nzima. Wengi wanataka matembezi ya baharini shule zikifungwa Agosti: tushuke hadi Garsen, tuingie Kipini, tukodi boti mbili mpaka Lamu, tulale huko, kisha turudi vivyo hivyo kwa maji. Wachache wanasema Agosti bado ni kusi, afadhali tungoje Desemba. Mwenyekiti akanigeukia: "Mwalimu, wewe umekaa Kipini. Tuambie kama inafaa."

Wanaotaka kwenda sasa wana hoja nzito. Aliyewahi kukaa Bura mwezi wa Februari anajua bati la nyumba linavyolia saa sita mchana, na kuku wanavyojibanza chini ya tangi la maji midomo wazi. Hata sasa, katikati ya kipupwe, asubuhi tu ndiyo ya kujifunika shuka; mchana joto hurudi kwenye nyuzi 30 na ushee. Kule pwani msimu huu mchana ni nyuzi 27 au 28, na upepo haukatiki usiku kucha. Wazee wetu ambao hawajalala usingizi mzuri tangu Januari wana haki ya kuutamani upepo huo. Desemba wanayoisifu wengine ni msimu wa jua kali, na bei za vyumba huko Lamu hupanda na wageni.

Kwa hiyo swali la joto limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni la maji.

Kwenda na kurudi

Nilimpigia simu nahodha mmoja wa Kipini ninayemfahamu, mtu ambaye karibu niseme alizaliwa ndani ya mtumbwi. Nikamweleza mpango wetu, watu wangapi, watoto wangapi. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Maalim, kwenda nitawapeleka. Kurudi ndiko kwenye kazi."

Jibu hilo lina elimu yote ya pwani hii. Kusi huanza Aprili na kwenda hadi Septemba au Oktoba, na nguvu yake hasa ni Juni, Julai na mwanzo wa Agosti. Lamu iko kaskazini mashariki ya Kipini, kwa hiyo wa kwenda huko anasukumwa na upepo kwa nyuma na kwa ubavu. Boti inateleza, watoto wanashangilia, na nahodha anaokoa mafuta. Wa kurudi anaupokea upepo uleule usoni. Boti ya faiba yenye injini moja hupanda wimbi na kuanguka kifuani pa wimbi linalofuata, saa baada ya saa, na abiria wote wamelowa. Wazee waliosafiri kwa tanga walijua kupiga bisho, wakienda mshazari huku na huku, na safari ya siku moja ikawa ya siku tatu. Injini haikulifuta tatizo hilo. Imelipunguza tu kwa gharama ya petroli na mgongo wa abiria.

Karibu kila mwaka msimu huu Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari kwa pwani yetu: upepo wa kusini unaozidi kilomita 45 kwa saa, na mawimbi ya zaidi ya mita mbili. Mita mbili ni kimo cha mlango wa nyumba. Na mahali pabaya zaidi si katikati ya bahari, ni milangoni: pale mto unapotokea Kipini, na pale mkondo wa Lamu unapotokea mbele ya Shela. Maji yakipwa kwa nguvu kwenda nje huku kusi inasukuma kuja ndani, mawimbi husimama wima na kukaribiana, na boti ndogo haina pa kupumulia.

Waliotutangulia walikuwa na kalenda yao. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba yaliyokuja na kaskazi yalirudi na kusi ya mwanzo, mwezi wa Aprili, au yalingoja demani, kusi ikianza kuchoka mwishoni mwa Agosti. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, alirudi nalo kaskazini kusi ilipoanza tu. Katikati ya kusi vyombo vilipandishwa pwani, vikatiwa kalafati na kupakwa deheni. Wale walikuwa watu waliokula bahari maisha yao yote, na bado Julai walikaa nchi kavu. Meli kubwa za watalii zinazotia nanga Mombasa nazo huja zaidi kati ya Oktoba na Aprili. Mtu wa Bura asione haya kuufuata mfano wao.

Tarehe mbili

Sipendi kuwatisha watoto, lakini watu wazima wa chama lazima wazikumbuke tarehe hizi.

Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Unguja ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, upepo ukiwa mkali na bahari imechafuka. Chombo hicho kilijengwa Marekani kwa ajili ya maji ya ndani ya jimbo la Washington, ambako visiwa hukinga mawimbi. Huku kwetu kilipewa bahari wazi, tena katikati ya kusi. Kila ninapoona boti ya mtoni ikipakia abiria wa kwenda baharini, nakikumbuka chombo hicho.

Ya pili ni ya hapa nyumbani. Aprili 2024, mafuriko yalipoikata barabara upande wa Madogo, boti iliyokuwa ikivusha watu Kona Punda ilipinduka na watu wakafa. Waliokuwa ndani hawakuwa watalii. Walikuwa wanakwenda makwao na kazini. Naitaja kwa sababu baadhi yetu husema bahari ndiyo inayoua na mto ni ndugu. Mto uliofurika hauna undugu na mtu. Heri yetu ni kwamba Agosti Tana huwa imeshuka.

Mto unapoishia

Hapa ndipo ninapotaka chama kinisikilize.

Sisi tunaishi kwa maji ya Tana. Mahindi ya mbegu tunayouza, mifereji, hata mabishano yetu ya zamu za maji, yote ni Tana. Wakulima wa kwanza wa mradi huu waliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulima pamba, wakaishi kwa kuzitegemea pampu za dizeli za Nanigi, na pampu zikinyamaza shamba likafa. Tunaijua historia hiyo kwa moyo. Lakini ni wangapi katika chama wameuona mdomo wa mto wenyewe? Niliuliza mkutanoni, mikono ikainuka michache mno.

Delta ya Tana iko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 2012. Wageni hutoka Ulaya kuja kuitazama. Ukiingia kwa boti kutoka Kipini asubuhi, kabla kusi haijaamka, maji yanapojaa yanakusukuma kwenda juu bila fujo. Mikoko huanza pande zote mbili, halafu inapungua, yanakuja mashamba, minazi na miembe ya kijiji cha Ozi. Viboko wapo, na mamba wapo, kwa hiyo mkono haukai nje ya boti. Mwari na korongo huwa wengi kiasi cha watoto kuacha kuulizana majina. Msitu na kingo za mto hukinga upepo. Kusi inavuma juu ya minazi nanyi chini mmetulia.

Ukienda mbele kuna Kau, mji wa biashara wa zamani, na kuna Belezoni. Hadithi ya Belezoni inastahili siku nzima. Ulikuwa mfereji uliochimbwa karne ya 19, enzi za masultani wa Witu, ili mitumbwi ya mpunga na pembe ipite kutoka Tana hadi mto Ozi. Tana ikaingia mferejini, ikaupanua, na mwishoni mwa karne hiyo ikawa imeuhamia. Leo mto mrefu kuliko yote Kenya unatokea baharini Kipini kwa njia iliyofunguliwa na majembe ya watu. Mkulima wa Bura anayesafisha mfereji wake kila msimu atalielewa jambo hili kuliko mtalii yeyote.

Na kuna jambo jingine la kuona, ambalo halipendezi. Mkulima wa Ozi hana pampu. Bahari ikijaa huurudisha mto nyuma, na maji matamu yaliyo juu hupanda mpaka usawa wa jaruba za mpunga. Mkulima anafungua, maji yanaingia. Bahari ikipwa anaziba. Hicho ndicho kilimo cha mpunga cha huko tangu zamani, na kinategemea mto uwe na nguvu ya kuzuia chumvi. Mto ukidhoofika, chumvi hupanda na bahari. Nilimwona mama mmoja akichovya kidole kwenye maji ya mfereji, akakilamba, akatema, kisha akarudisha udongo aliokuwa ameanza kuutoa. Hakusema kitu. Nyuma yake mwembe mkubwa ulikuwa umekauka ncha zote za majani, hudhurungi kama zilizopitiwa na moto.

Sababu ziko nyingi: ukame, mabwawa ya Seven Forks yaliyofuatana kutoka Kindaruma ya 1968 hadi Kiambere ya 1988, Masinga ikiwa kubwa kuliko yote, na miradi ya umwagiliaji kama wetu. Sisemi Bura iache kulima. Nasema anayefungua lango la maji hapa anapaswa kuwa amekiona kile kidole. Watoto wetu watakaokalia viti vya kamati za maji kesho waanze kukiona sasa.

Machache ya pembeni

Miti ya mathenge imezidi kusogelea barabara ya Hola. Ililetwa huku miaka ya 1980 iwe kuni na kivuli, sasa inafunga malisho na njia za mifugo kwenda mtoni. Wafugaji wa Orma walioikata wiki hii kwa panga walistahili kusaidiwa na trekta.

Mwaka 1891 stima iliyoitwa Kenia, ya kampuni ya Waingereza na yenye gurudumu la maji nyuma, ilipanda Tana chini ya nahodha Dundas. Ilipita maeneo haya yetu. Nilipowasimulia wanafunzi, waliniuliza kama mto ulikuwa na maji mengi zaidi siku hizo. Ni swali zuri kuliko nililokuwa nimeandaa.

Kwa wanaosema kusi haina faida yoyote baharini: kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu wakitoka bahari ya kusini kabisa kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Watamu kuna manahodha wanaotoka kwenda kuwaangalia bahari ikiruhusu. Ni safari ya wenye tumbo gumu, na si ya mtoto wa miaka sita.

Nilichomwandikia katibu

Twende Agosti, wiki za mwisho za likizo, kusi ikiwa imeanza kulegea. Tusafiri kwa gari mchana hadi Witu na Kipini. Barabara ya Lamu imewahi kushambuliwa, basi lilipigwa risasi Nyongoro Januari 2020, na anayetupa masharti ya usalama pale ni polisi. Tulale Kipini. Asubuhi tupande na maji kwenda Ozi, Kau na Belezoni, turudi kabla ya alasiri. Tuangalie kalenda ya mwezi ili siku hiyo isiwe ya bamvua kubwa, maana mkondo wake ni mkali mdomoni.

Wanaoitaka Lamu wasinyimwe. Waende kwa gari hadi Mokowe, wavuke kwa boti. Kipande hicho ni kifupi na kisiwa cha Manda kinakinga. Wakitaka matembezi zaidi wamwombe nahodha wa dau awapitishe Mkanda, kati ya Manda na bara, maji yakiwa yamejaa. Hapo tanga litavimba kwa upepo na maji yatakuwa kama ya bwawa. Nje ya Shela, kwenye bahari wazi, tusiende.

Kila abiria awe na jaketi la kujiokoa linalomtosha, na la mtoto liwe la mtoto. Boti ionyeshe cheti cha ukaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Mtu wa kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) cha Kipini aandike majina yetu kabla hatujaondoka ufuoni. Nahodha akisema leo hapana, ni hapana, hata kama pesa zimekwisha kulipwa, na fedha za akiba ya siku moja zaidi ziwekwe kando kwa ajili ya hapana hiyo.

Wale wanaosisitiza Kipini hadi Lamu kwa bahari nimewaandikia mstari wao peke yao: Novemba, kati ya kusi na kaskazi, matlai ikivuma kidogo. Nahodha wangu amekubali. Bei atataja Oktoba, mvua za vuli zikianza, akishaona zinavyoitenda barabara ya Garsen.