Kamera Yenye Sifa Mbaya: Inunuliwe au Iachwe?

Bibi mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea barua yenye swali ambalo kwa juu juu laonekana kuwa ni la vijana na vyombo vyao. Lakini tulipolitia katika mizani tuliliona kuwa ni swali la kila nyumba. Asema kwamba binti yake amejifunza kupiga picha, na sasa aitwa katika maharusi kupiga picha upande wa wanawake, mahali ambapo mpiga picha mwanamume haingii. Kazi yapatikana na stara ipo, ila kamera atumiayo ni ya kuazima. Mwezi huu mama amefikiwa na zamu yake ya upatu. Binti ameona Nikon D800 ya mkono wa pili, ya bei nafuu kuliko nyingine za daraja yake. Muuzaji, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, hakuficha neno: amesema kwamba kamera za aina hii zilipata kulalamikiwa fokasi, na kwamba hii yake hajaipima. Baba asema iachwe. Binti asema inunuliwe. Mama ameshika pesa mkononi, na atuuliza sisi.

Ama hukumu ya picha zenyewe, na namna ya kuzihifadhi picha za wanawake zisitoke nje, hayo yana mlango wake, wala bibi hakuyauliza leo. Tutajibu alilouliza.

Yafaa kwanza tujue lawama hiyo ilitoka wapi. D800 ilitangazwa mwezi wa Februari mwaka 2012, nayo ilisifiwa sana kwa kuwa na pikseli milioni 36.3, kiasi ambacho siku zile kamera za namna yake hazikuwa nacho. Ndani yake mna nukta 51 za kulengea. Haukupita muda mrefu, wenye kuinunua wakaanza kusema kwamba nukta za katikati zalenga sawasawa, lakini za upande wa kushoto zakosea, khasa ikitiwa lenzi pana iliyofunguliwa mwisho. Waliozipeleka kwa mafundi wa kampuni walirekebishiwa, na baadhi yao walilazimika kuzirudisha tena.

Wala si Nikon peke yake. Mwaka 2007 Canon walitoa EOS-1D Mark III, chombo cha wapiga picha wa michezo, chenye kupiga picha 10 kwa sekunde moja. Nayo ililalamikiwa kwamba katika jua kali na joto ilishindwa kumfuata mtu akimbiaye. Kampuni yenyewe ikatambua kasoro katika kioo kidogo cha ndani, ikawatengenezea wenyewe kamera zao. Tumeitaja hii kwa sababu ina funzo: kuna aibu ambayo hujificha kivulini na kudhihiri juani. Kwa hiyo chombo kipimwe katika hali ile ile kitakapofanyiwa kazi, si juu ya meza ya duka tu.

Sasa tueleze kwa ufupi jinsi kosa hilo linavyotokea, kwani ajuaye asili ya ugonjwa hadanganyiki na mganga. Katika kamera kama hii, nuru iingiayo kwa lenzi hupiga kioo. Sehemu ya nuru hiyo hupenya, ikapokewa na kioo kidogo kilicho nyuma yake, ikapelekwa chini kwenye kipimo cha fokasi. Picha yenyewe lakini haipigwi na kipimo hicho. Hupigwa na sensa iliyo nyuma kabisa. Basi njia hizi mbili za nuru hazina budi kuwa sawa kwa urefu. Zikipishana hata kwa unywele, kamera huamini kwamba imelenga macho ya bibi harusi, kumbe imelenga maua yaliyo nyuma yake. Na kipimo kikikaa upande upande, nukta za katikati husema kweli na za pembeni zikasema uwongo. Ndiyo maana marekebisho yaliyomo katika orodha ya kamera yenyewe hayatoshi kuiponya aibu hii, kwani husogeza nukta zote pamoja: ukiponya kushoto, wauharibu katikati. Kamera za siku hizi zisizokuwa na kioo hupima fokasi kwenye sensa ile ile ipigayo picha, kwa hiyo ugonjwa wa namna hii hauzipati.

Huenda mtu akasema, picha moja yenye ukungu ni kitu gani? Katika nyumba yetu iko picha moja ya harusi. Bibi yetu mzaa mama amekaa kando ya bibi harusi, amemshika mkono, na nyuso zao zote mbili ni ukungu mtupu, na nyuma yao pazia laonekana uzi kwa uzi. Mpiga picha hakuwa mzembe. Chombo chake ndicho kilichomhini. Bibi alifariki kabla ya mwaka kwisha, na hatuna nyingine aliyokaa namna ile. Fedha tulirudishiwa, lakini usiku ule haukurudi. Basi binti wa bibi huyu akumbuke kwamba haendi kuuza karatasi, bali amebeba amana ya watu ambayo haina mara ya pili.

Hata hivyo hatusemi kwamba kamera iachwe kwa sababu ya maneno ya watu. Aliyeuziwa kamera nzima huenda zake akapiga picha, wala haandiki popote kwamba hana neno. Aliyeuziwa mbovu ndiye apigaye kelele. Kwa hiyo lawama zatuonyesha mahali pa kutazama, wala hazitoi hukumu juu ya kamera hii moja iliyo mbele yetu. Hii yaweza kuwa nzima tangu ilipotoka kiwandani, au ilikwisha kurekebishwa, au ni mgonjwa. Baba ahukumu kwa sifa mbaya, na binti ahukumu kwa bei nzuri. Na yote mawili ni kukisia. Dawa yake ni kupima.

Upimaji ni huu. Kamera isimamishwe juu ya miguu mitatu isitikisike, mbele ya kitu chenye maandishi madogo kilichosimama wima, mbali kiasi cha mita mbili au tatu. Itiwe lenzi pana, ifunguliwe mwisho. Kitu hicho kipigwe picha kwa nukta ya katikati, kisha kamera igeuzwe kipigwe kwa nukta ya mwisho kushoto, kisha ya mwisho kulia. Kila nukta ijaribiwe mara tano au sita, na kabla ya kila mara lenzi ivurugwe ili ilenge upya. Kisha mahali pale pale ipigwe picha kwa kulenga kwenye kioo cha nyuma, maana hapo kamera hulenga kwa sensa yenyewe, na picha hiyo ndiyo iwe shahidi. Picha zote zikuzwe na kulinganishwa. Kama za kushoto ni hafifu kuliko shahidi wake kila mara, aibu ipo. Kama zimekosea mara moja tu kati ya sita, hiyo yaweza kuwa bahati ya siku. Mwisho yajaribiwe hayo hayo jioni, katika chumba chenye taa kama za ukumbini. Na itazamwe pia idadi ya picha zilizokwisha kupigwa, kwani shata yake ilipimwa na kampuni kwa mara 200,000.

Na muda wa kupima utatoka wapi? Hapa sheria yetu imetutangulia. Katika madhehebu ya Imam Shafi yajuzu kushurutisha khiyari isiyozidi siku tatu, ambayo ndani yake mnunuzi aweza kurudisha kitu na kupokea fedha yake. Sharti hilo lisemwe wakati wa kuuziana, na liandikwe. Siku hizo zitumiwe kwa kupima tu. Binti asiichukue kamera kwenda nayo kazini, isije ikahesabiwa kwamba ameridhia. Muuzaji aliyeanza kwa ukweli hatalichukia sharti hili. Akilichukia, basi na sisi tutakuwa tumejibiwa.

Rai yetu ndiyo hii. Kamera ikitoka safi, inunuliwe bila hofu, na baba aridhike, kwani lawama za wengine ndizo zilizoishusha bei. Ikionekana mgonjwa, irudishwe, hata muuzaji akipunguza tena. Twajua ataambiwa atumie nukta ya katikati peke yake, au alenge kwa kioo cha nyuma. Hayo yamfaa apigaye picha nyumba na milima, ambaye hana haraka. Bibi harusi aingiapo, na vigelegele vimepanda, na watu wasukumana, hakuna wasaa wa kuchagua nukta. Wala asihesabu bei pekee. Ahesabu na gharama ya kuipeleka kwa fundi, na maharusi yatakayompita kamera ikiwa huko, na shaka itakayomkaa moyoni kila abonyezapo.

Jambo la mwisho. Akija kuiuza siku moja, naye aseme yote ayajuayo juu yake, kama alivyoambiwa yeye. Muuzaji huyu amepunguza faida yake kwa ulimi wake mwenyewe, na baraka ya mali imo humo. Upatu wa mama ni jasho la wanawake wengi waliowekeana amana. Haifai ukaishia katika kitu kilichonunuliwa kwa kufumba macho, wala haifai ukalala sandukuni kwa kuogopa maneno. Wallahu aalam.