Salamabila: miradi inahesabiwa, lakini nani anapima matunda yake?

Salamabila, wilayani Kabambare, inajulikana kwa dhahabu ya Namoya. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa sekta au usultani wenye mgodi, na inadai kampuni itenge asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji.

Kwenye karatasi, ni vizuri. Lakini kuhesabu madarasa yaliyojengwa si kujua kama watoto wanasoma. Tathmini ya kweli inaanza kabla ya jiwe la kwanza: watoto wangapi wako shuleni, maji yako umbali gani? Baadaye maswali yaleyale yanarudiwa, na majibu kulinganishwa na kijiji kisichopata mradi. Vita vikihamisha watu, kazi hiyo inakuwa ngumu zaidi.

Ni elimu inayofundishwa. Kwingineko, mwanafunzi wa masta ya afya au kilimo anaweza kuichukua kama somo la pili. Chuo Kikuu cha Kindu kikifanya hivyo, Maniema itapata wapimaji wake. La sivyo, anayetumia pesa ndiye atakayeendelea kujipa alama.