Usugu wa dawa: Madini yaleta matumaini, kaunta yatia shaka

KWA mkazi wa Mbagala au Tandale si jambo geni kumkuta mtu kwenye duka la dawa akiomba vidonge vitatu vya rangi mbili. Cheti cha daktari hana, fedha ya dozi nzima pia hana. Muuzaji anahesabu, anafunga, biashara imekwisha.

Athari za bakteria kuzoea dawa zilikwishaonekana jijini Dar es Salaam. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002, kwa watoto 1,828 waliolazwa, ulibaini kuwa asilimia 43.5 ya waliokuwa na maambukizi ya damu ya bakteria wa kundi la gramu hasi walifariki dunia. Kwa malaria, ugonjwa tunaouogopa zaidi, ilikuwa asilimia 20.2. Usugu wa vimelea ulitajwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza vifo hivyo.

Ni kutokana na hali ya namna hiyo duniani kote kwamba wanakemia wamerejea kwenye madini. Wamerejea, kwa sababu Salvarsan, dawa ya kaswende iliyoingia sokoni mwaka 1910, ilitengenezwa kwa arseniki, ambayo ni sumu, na ilitumika hadi penisilini ilipochukua nafasi yake miaka ya 1940. Hata leo majeruhi wa moto hupakwa krimu yenye madini ya fedha.

Mwaka 2020, watafiti wa mradi wa CO-ADD wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitangaza matokeo ya kupima michanganyiko 906 ya kikemia yenye madini. Kati ya hiyo, 88 ilidhibiti angalau kimelea kimoja bila kudhuru seli za binadamu maabara. Hiyo ni karibu asilimia 10, ilhali kwa michanganyiko isiyo na madini ni chini ya asilimia 1. Sababu mojawapo ni kwamba penisilini hushambulia ukuta wa bakteria tu, wakati madini kama fedha huvuruga sehemu nyingi kwa mpigo.

Hata hivyo, mwaka 1975 hospitalini Boston, Marekani, waliripotiwa bakteria wa Salmonella waliostahimili fedha hiyohiyo, tena katika wodi ya majeruhi wa moto ilikokuwa ikitumika.

Serikali ya Tanzania ilikuwa na mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa mwaka 2017 hadi 2022, ukafuatiwa na wa 2023 hadi 2028. Elimu kwa umma imepewa uzito. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mnunuzi wa vidonge vitatu mara nyingi anajua fika kuwa dozi haijatimia. Ameshapiga hesabu ya nauli, ya foleni ya hospitali na ya unga wa usiku huo, na vidonge vitatu ndivyo vilivyobaki kwenye uwezo wake. Dawa mpya ya madini, ikifika, itauzwa kwenye kaunta hiyohiyo, na huenda kwa bei kubwa zaidi.