Tahariri: Sindano Moja, Mabanda Kumi



Katika mkutano wetu uliopita palizuka ubishi mkubwa kuliko hata ule wa bei ya maziwa. Ubishi wenyewe ulikuwa juu ya kutoa damu ya ng'ombe ikapimwe virusi vya lukemia ya ng'ombe, yaani saratani ya damu. Wenzetu wa upande wa Kisarawe walikataa katakata. Wa upande wa Kibaha wakagawanyika. Mzee mmoja akasimama akauliza: "Hiyo damu ikishachukuliwa, inakwenda wapi?" Watu wakacheka. Sisi wa gazeti hili la ukutani hatukucheka, maana swali lile lilikuwa la haki na hakuna aliyelijibu.

Kwanza tuelezane ugonjwa wenyewe, kwani wengi walibisha bila kuujua. Virusi hivi vilitambuliwa mwaka 1969 huko Marekani. Hukaa ndani ya chembe nyeupe za damu, na vikishamwingia ng'ombe havimtoki mpaka anakufa. Ubaya wake ni kwamba ng'ombe mwenyewe humwoni na kitu. Anakula, anacheua, anakamuliwa kama kawaida. Kati ya ng'ombe 100 walioambukizwa, wanaofikia kupata uvimbe wa saratani kwa kawaida hawazidi 5, na wengi wao ni ng'ombe waliokwisha pita miaka 3. Hao sasa ndio utaona tezi zimevimba, pengine jicho limetokeza nje, mnyama anakonda huku majani yapo mbele yake, maziwa yanakatika, na mwisho hawezi kuinuka. Dawa hana. Chanjo nayo hakuna, hapa wala ng'ambo. Pale Kibaha tuna kituo cha TVLA kinachotengeneza chanjo za mifugo, lakini ya ugonjwa huu msijisumbue kwenda kuiulizia.

Tezi zikivimba wengi wetu tunasema moja kwa moja ni ndigana kali. Mara nyingi tunapatia, maana kupe huku kwetu hawana likizo. Lakini ndigana kali huja na homa kali, hukimbilia sana ndama, na kazi yake huimaliza kwa siku chache. Ukiona ng'ombe mkubwa amevimba tezi, homa hana, na hali hiyo inaendelea kwa wiki na wiki, usizidi kumwaga fedha kwenye dawa za ndigana. Mwite bwana mifugo.

Sasa ugonjwa unapitaje kutoka ng'ombe huyu hadi yule? Kwa damu. Tone dogo mno linatosha. Pange wanaouma huku na huku wanaweza kulibeba, na ndama anaweza kuupata tumboni mwa mama yake au kwenye maziwa. Lakini mbebaji mkubwa ni sisi wenyewe: sindano, kisu cha kukatia pembe, koleo la kutobolea masikio, na ule mfuko wa mkononi wa kupimia mimba unaoingizwa kwa ng'ombe huyu ukatolewa ukaingizwa kwa mwingine.

Hapa lazima tujisute, na sisi tunaoandika tukiwamo. Mkoa wetu wa Pwani una mbung'o, na nagana tunaijua. Siku ya kuchoma Berenil tunafanyaje jamani? Tunachukua bomba la ushirika, sindano moja, tunaanza banda la kwanza mpaka la kumi, na katikati tunaipangusa kwa pamba kavu tukiona tumefanya usafi. Tunamtibu ng'ombe nagana huku tunampa ugonjwa usio na dawa. Na mitamba ya mkopo, ile ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe, tunaipeleka nyumba kwa nyumba bila kuipima. Sindano mpya haifiki bei ya nusu lita ya maziwa! Huo si umaskini, ni uzembe.

Tumrudie mzee wetu. Damu inayochukuliwa ni kama kijiko kimoja au viwili, nayo huenda maabara, kama ile ya TVLA Temeke au ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Huko hutafutwa kingamwili, yaani alama ya kwamba mwili wa ng'ombe umekwisha kupambana na virusi hivyo. Ndama wa chini ya miezi 6 anaweza kuonyesha alama aliyopewa na mama yake tu, kwa hiyo majibu yake yasiwatie kiwewe.

Wanaosema ugonjwa huu ni wa Wazungu wajue kwamba mwaka 1997 watafiti walichapisha taarifa ya kuonekana kwake kwa wingi kusini mwa nchi yetu. Na huko kwa Wazungu wenyewe hawakufanana. Denmark, Finland, Norway na Sweden, nchi zile zile zilizotujengea Kituo cha Elimu Kibaha kuanzia mwaka 1963, zilipima ng'ombe wao, zikaondoa wagonjwa, na leo ugonjwa hawana. Marekani, ambako ndiko ulikotambuliwa, mwaka 2007 ulikutwa katika zaidi ya 80 kati ya kila mashamba 100 ya ng'ombe wa maziwa. Sisi hatuna uwezo wa kuchinja kila atakayekutwa nao, wala hatushauri hivyo. Atengwe, achomwe sindano wa mwisho baada ya wazima, na ndama wake wasiuzwe kwa mwenzako kimya kimya.

Kuhusu binadamu, wataalamu bado wanabishana kama virusi hivi vinatudhuru. Kuchemsha maziwa huviua, na maziwa tulitakiwa kuyachemsha siku zote kwa ajili ya kifua kikuu na brusela.

Msimamo wetu basi ni kwamba damu itolewe. Lakini wenzetu wa Kisarawe wana hoja yao nayo tunaiunga mkono: wamekwisha kuja watu huku, wakachukua damu, wakashukuru, na majibu hatukuyaona mpaka leo. Safari hii tunataka iandikwe kabla ng'ombe hajafungwa kamba kwamba kila mwenye ng'ombe ataletewa majibu yake kwa Kiswahili.

Zoezi litakuwa Jumamosi asubuhi kabla ya kwenda malishoni. Kila ng'ombe na sindano yake. Asiye nazo achukue kwa mtunza stoo, zitakatwa kwenye malipo ya maziwa. Ile sindano ya zamani imefungiwa kabatini, na ufunguo anao katibu.