Daftari la Wiki: Njiru hadi Machakos kwa Baiskeli

Safari ya baiskeli ya mzazi na mtoto kutoka Njiru hadi Machakos hufuata Barabara ya Kangundo kupitia Ruai, Kamulu, Joska, Malaa na Tala. Ikifika Kangundo hugeuka kusini, ikapita Kathiani kandokando ya vilima vya Iveti. Kijana mwenye haraka huimaliza kwa siku moja. Akiwa na mzazi wa miaka 60 na zaidi, ni bora walale Tala au Kangundo.

Kanuni ya kwanza ni mzazi atangulie. Kijana akishika mbele, mzazi atajikaza amfuate, ataishiwa pumzi kwenye mlima na hatasema. Kanuni ya pili inahusu chombo. Baiskeli ya Black Mamba ina karia imara inayobeba mzigo wowote, lakini haina gia, na kwenye milima ya Kangundo itabidi isukumwe kwa mkono. Pampu, viraka, gundi, tyubu ya akiba na spana vitoke nyumbani, ingawa kila soko njiani lina fundi wake chini ya mti.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ya kwanza. Malori ya mawe na mchanga hupita karibu mno, na matatu huingia kando ya lami bila kuonya, kwa hiyo Jumapili alfajiri ndiyo saa ya kuondoka. Baada ya Ruai, mahali ambapo majitaka ya sehemu kubwa ya Nairobi husafishwa, upeo unafunguka kidogo. Palipojaa ploti na nyumba za mawe pande zote mbili palikuwa na mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya uhuru mengi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya wananchi, yakakatwa vipande. Mzazi aliyepita hapa utotoni anakumbuka nyasi na ng'ombe. Kumbukumbu hiyo haimo katika kibao chochote cha barabarani, na hiyo pekee inatosha kuwa sababu ya kusafiri naye.

Kaskazini unaonekana mlima wa Ol Donyo Sabuk, wenye mita 2,145, hifadhi ya taifa tangu 1967. Ubavuni mwake amezikwa William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyefariki 1925. Ilikusudiwa azikwe kileleni, lakini mteremko uliwashinda wabebaji. Wakazi wa Nairobi wanalijua jina lake kwa maktaba ya katikati ya jiji, iliyofunguliwa 1931.

Kangundo ni nyumbani kwa Paul Ngei, mmoja wa wale sita, akiwemo Jomo Kenyatta, waliokamatwa 1952 na kuhukumiwa Kapenguria. Baadaye alikuwa waziri, na mwaka 1975 katiba ya nchi ilibadilishwa ili Rais aweze kumsamehe kosa la uchaguzi. Wazee wa hapa wana maoni makali juu yake, na kila mmoja ana yake.

Yapo mambo ya 1938 pia, nayo yanastahili kusimuliwa polepole. Serikali ya kikoloni ilisema ardhi ya Ukambani inamomonyoka kwa sababu mifugo ni mingi, ikaanza kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa mnada wa lazima. Wengi wa ng'ombe hao walipelekwa kwenye kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River. Haikutajwa kwamba malisho mazuri, yakiwemo ya vilima vya Mua, yalikuwa yamekwisha kupewa walowezi. Muindi Mbingu wa Ngelani aliongoza watu wengi, wake kwa waume na watoto, wakatembea kwa miguu hadi Nairobi wakitaka kumwona Gavana, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa. Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini mnada wa lazima ulisimamishwa. Barabara yenye jina lake inapita kando ya City Market jijini Nairobi, na wanaoikanyaga kila siku wengi hawajasimuliwa habari zake.

Jibu la hoja ya mmomonyoko limechorwa kwenye vilima vyenyewe, na baiskeli inayosukumwa humpa mtu muda wa kulitazama. Kuanzia Kangundo hadi Kathiani kila mteremko umekatwa matuta. Mengi ni yale ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ili ushike maji. Yalichimbwa kwa jembe, mengi yakiwa kazi ya vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, na wanawake ndio waliochimba kwa wingi. Utafiti wa Mary Tiffen na wenzake, uliochapishwa 1994, ulionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Mzazi aliyekulia huku anaweza kuonyesha tuta alilolichimba na mama yake.

Machakos yenyewe ilikuwa kituo cha Waingereza tangu 1889, na makao ya utawala wa Ukamba hadi yalipohamishiwa Nairobi 1899. Huko sahani ya muthokoi huwangoja wasafiri. Kurudi kwa Barabara ya Mombasa hakushauriwi kwa sababu ya malori ya mizigo. Baiskeli zifungwe juu ya basi, na nauli yake ipatanwe kabla ya kupakia.