Shaba yetu inafika ku bahari, sisi tunabakia ku njia



Kila siku kamyo zinapita pa Kasumbalesa na shaba na kobalti. Zinakata Zambia, zinaingia Tanzania pa Tunduma, zinafika ku bandari ya Dar es Salaam, ku Bahari ya Hindi. Zingine zinashuka mpaka Durban. Upande wa magharibi, treni inabeba shaba toka Kolwezi mpaka Lobito, ku Angola, ku Bahari ya Atlantiki. Wakubwa wa dunia wanahangaikia ile njia: mu mwezi wa 12 mwaka 2024, Joe Biden, rais wa Marekani wakati ule, alifika Lobito yeye mwenyewe.

Sasa sisi wenye tunatoa ile shaba mu udongo, tuko wangapi wenye tumeshaweka muguu mu maji ya bahari? Tuliuliza swali hii mu mukutano wa delege wa sendika. Mikono ilipanda michache sana. Mumoja wa wale walioinua mukono alisema aliona bahari juu alikuwa shofere wa kamyo mbele ya kuingia ku mine. Ni kusema alifika kule pamoja na shaba, si na bibi na watoto.

Watu walicheka. Kisha tuliacha kucheka, tukaanza kuhesabu. Hesabu hiyo njo tunaleta leo, juu wakati wa konje za mwezi wa saba na wa nane unakaribia, masomo yatafungwa, na watoto wataanza kuuliza: tunaenda wapi?

Watu wengi wanafikiri mutu anachagua pwani sababu ya uzuri wake: muchanga mweupe, minazi, maji ya moto. Haiko vile. Pwani nzuri ziko nyingi duniani, na karibu zote zinafanana mu picha. Kitu chenye kinachagua ni njia: masaa mangapi, mipaka mingapi, na siku ngapi mutu ameachiliwa na kazi.

Angalia wengine. Mutu wa Florida, ku Marekani, anaenda Bahamas, juu iko pa mulango wake. Mutu wa Perth, ku Australia, anaenda Bali, ku Indonesia. Ni masaa chini ya mane kwa ndege, na Bali iko karibu naye kuliko Sydney, muji mukubwa wa inchi yake mwenyewe. Mufaransa wa Paris anaweza kwenda Guadeloupe, karibu kilometa 6700, masaa nane na zaidi mu ndege. Ni mbali sana. Lakini tangu mwaka 1946 Guadeloupe ni departema ya Ufaransa: franga ni ile ile, luga ni ile ile, na visa haiko. Kwa kilometa ni mbali, kwa makaratasi ni karibu.

Tena kuko neno moja lenye linatuuma. Toka Paris mpaka Zanzibar ni karibu kilometa 7000. Toka Kolwezi mpaka Zanzibar, kwa musitari wa ndege, ni karibu 1600. Mutu wa Paris anaacha kazi leo jioni, kesho yuko ku muchanga. Mutu wa Kolwezi akipanda bisi leo, kesho atakuwa angali mu Zambia. Nani iko karibu na Zanzibar? Njo maana tunasema: umbali haupimwe na kilometa. Unapimwa na siku za konje na uzito wa mufuko.

Tusifikiri wale wa Ulaya walizaliwa na bahati hiyo. Mbele ya mwaka 1936, mufanyakazi wa kawaida wa Ufaransa hakuwa na haki ya konje yenye kulipwa. Wachimbaji wa makaa ya mawe ku kaskazini, upande wa Lens, walikaa kama kilometa mia moja na bahari, na wengi hawakuiona hata siku moja. Mu mwezi wa tano na wa sita wa ule mwaka, wafanyakazi waligoma inchi nzima. Sheria ikatoka: wiki mbili za konje, na mushahara. Na serikali haikusimama pale. Iliona kama siku bila njia ni siku za kukaa ku mulango. Léo Lagrange, mukubwa wa mambo ya michezo na mapumziko mu serikali ya Léon Blum, alileta tiketi ya treni ya konje yenye kupunguzwa bei kwa 40 ku mia.

Kisha siku zikaongezeka: wiki ya tatu mwaka 1956, ya ine mwaka 1969, ya tano mwaka 1982. Na kadiri siku zilivyoongezeka na ndege zilivyopata mbio, pwani zenye watu walichagua zilienda mbali zaidi. Kwanza bahari ya jirani, kisha Mediterane, mwishoni pwani za inchi za joto, sawa Guadeloupe na Zanzibar. Wachimbaji wa kaskazini walipata hata nyumba yao ya konje ku La Napoule, ku pwani ya Mediterane, kisha vita ya pili. Ilikuwa chato, lakini ndani walilala watu wa kazi ya chini ya udongo. Sendika ilipigania siku kwanza, njia kisha, na nyumba ya kufikia mwisho. Ule mupango wa mambo tuuweke mu kichwa.

Sasa turudi kwetu. Sheria yetu ya kazi, ile ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inasema: mutu mukubwa anapata siku moja ya kazi ya konje, hata kidogo, kwa kila mwezi muzima wenye ametumika. Ni siku 12 kwa mwaka. Akimaliza miaka mitano ku kazi moja, inaongezeka siku moja, na vile vile kila miaka mitano. Konvansio ya kampuni inaweza kutoa zaidi, na zingine zinatoa.

Tushike siku 12. Kwa wiki ya siku sita za kazi, ni wiki mbili, siku 14 tukihesabu na za mungu. Baba wa Kolwezi anataka kupeleka bibi na watoto watano Zanzibar. Siku ya kwanza, bisi mpaka Lubumbashi. Toka pale mpaka Dar es Salaam ni karibu kilometa 2000 za balabala. Tuseme siku tatu, kama mipaka haikukawisha. Siku ya tano asubuhi, mashua ya kuvuka, kama masaa mbili. Kurudi, vile vile. Siku 10 zimeisha ku njia. Inabakia ine, na mu ile ine, siku moja mama atafua nguo, siku moja mutoto atakuwa na homa.

Atasema: basi tupande ndege. Kweli, kwa ndege, kupitia Nairobi ao Addis-Abeba, safari inakuwa siku moja kwenda, siku moja kurudi. Inabakia siku 12 nzima. Lakini ni tiketi saba, paspoti saba. Hapo mushahara unajibu mbele mutu hajafungua kinywa.

Wengine wanatuambia: juu ya nini muangalie Tanzania, inchi yetu iko na bahari yake! Ni kweli. Kuko Muanda, ku Kongo-Central. Tuko na pwani ya kilometa karibu 40, na hakuna mupaka wa kuvuka. Lakini kamata karte upime. Toka Lubumbashi mpaka Muanda, kwa musitari wa ndege, ni zaidi ya kilometa 1700. Mpaka Dar es Salaam ni karibu 1400. Bahari ya inchi yetu iko mbali kuliko bahari ya jirani, sawa vile kwa mutu wa Perth na Sydney yake. Na kufika Muanda ni ndege mpaka Kinshasa, kisha balabala ya Matadi na Boma. Lobito je? Treni iko, lakini ile treni inabeba mawe. Watu wa konje hawako mu hesabu yake.

Kwa hiyo familia nyingi za mine zinachagua maji ya karibu. Wa Kolwezi wanaenda Nzilo siku ya mungu. Wa Likasi wanaenda Tshangalele. Wenye nguvu kidogo wanatafuta ziwa Moero, ku Kilwa ao Pweto, kama balabala iko sawa. Na wenye kuota wanataja Kalemie na Moba, ku ziwa Tanganyika. Hatudharau, hata! Tanganyika iko na urefu wa kilometa zaidi ya 670, na muchanga wake mutu anaweza kuulinganisha na wa bahari. Lakini Kalemie pia, kama haukupata ndege, treni inakula siku zako, na hakuna mutu anaweza kukuapia saa ya kufika.

Tusikilize na wale wenye wanatupinga. Kuko mama mumoja, bibi ya mwenzetu wa zamu ya usiku, alituambia wazi: «Nyinyi ba sendika munaongea bahari, na minerval ya batoto haiyalipwa. Bahari itatupikia bukari?» Mama iko na haki. Hatusemi mutu auze mabati ya nyumba juu ya kuona maji. Lakini tumuulize na yeye: bwana yake, mu konje ya mwaka jana, alipumzika siku ngapi? Jibu alitupatia mwenyewe: hakuna hata moja. Kampuni ilimukatia konje vipande vitatu, siku ine ine, na kila mara alijulishwa mbele ya siku mbili. Kipande cha kwanza kiliisha ku kilio, cha pili ku lopitali, cha tatu alilala mu nyumba, juu na siku ine hauwezi kufika hata kwa mama yako ku Moba.

Hapo njo kuko shida yenyewe. Mbele ya kuongea Zanzibar, tuone kama konje yenye kukatwa vipande inafupisha dunia ya mufanyakazi. Siku 12 pamoja zinafikisha mutu ku ziwa Tanganyika. Siku ine, mara tatu, zinamufikisha ku mulango wake, mara tatu. Hesabu ni moja ku karatasi, lakini maisha si moja. Na wenzetu wageni, wenye wanatumika wiki sita kisha wanapewa wiki nzima pamoja na tiketi ya ndege ku mukono, hawana roho ya kupenda bahari kutupita sisi. Wako na siku zenye kushikana, na njia yenye kulipwa.

Shirika la Kazi la Dunia, OIT, liliandika hayo zamani. Mukataba namba 132, wa mwaka 1970, unasema konje ya mwaka isiwe chini ya wiki tatu. Sikukuu za inchi zisihesabiwe ndani. Kama inagawanywa, sehemu moja iwe hata kidogo wiki mbili zenye kushikana, isipokuwa kama pande zote mbili zimepatana namna ingine. Na kuuza konje kwa franga ni bure, haina nguvu. Hatusemi kila neno la ule mukataba ni sheria kwetu leo. Tunasema ni kipimo, na tunaweza kukiweka ku meza.

Basi, mu mazungumzo ya mwaka huu, tunaomba kila delege atetee maneno mane. Moja: liste ya konje ibandikwe miezi mitatu mbele, juu tiketi na bisi vinapangwa mapema ao havipatikane. Mbili: wiki mbili zenye kushikana, bila kukatwa, bila kununuliwa. Tatu: mwenye familia yake iko mbali, siku za njia zihesabiwe pembeni, zisitoke mu konje. Some konvansio yenu, mutafute maneno «délai de route». Kama hayako, tuyaingize. Ine: kampuni yenye iko na bisi za kupeleka watu ku zamu kila siku inaweza kutoa bisi moja ya kupeleka familia ku ziwa mara moja kwa mwaka, ku masomo yakifungwa. Hii ya mwisho haitaki hata sheria mupya, inataka paka nia nzuri.

Na ninyi mama, mutusaidie. Bwana akirudi na karatasi ya kuuza konje yake, mumuulize mbele ya kutia sinyatire: hizi franga zitalipa nini, na mwili wako utalipa nini? Mwenye anakula vumbi na joto miezi 11, mwili wake uko na deni.

Siku moja watoto wetu watasimama ku pwani ya Dar es Salaam na kuona meli yenye kubeba shaba. Tunataka wafike pale na baba yao, angali na nguvu ya kutembea ku muchanga, awaonyeshe na kidole: ile ya ndani, sisi njo tuliitoa.